Chumvi ya Moto wa Mabua

Mimi sijui kujivuna kwa siri. Nikiwa na jambo la kujivunia nalisema, na asiyetaka kusikia aende zake kisimani akachote maji. Basi nasema: mwaka ule baada ya mikoko kupigwa marufuku, chumvi iliyowatoa watoto wetu kumbini hapa Msimbati niliichemsha mimi, Zuhura binti Mussa, kwa moto wa mabua ya mpunga.

Kwa mgeni nieleze kidogo. Kiangazi kikishika, maji ya bamvua yakirudi baharini, nyuma ya mikoko hubaki uwanda mkavu uliopiga weupe. Tunaukwangua ule udongo wa juu kwa kifuu cha nazi, tunautia kwenye chujio la makuti na kuumwagia maji, na yanayochuruzika chini ni maji makali ya chumvi. Hayo tunayachemsha kwenye karai pana mpaka yageuke chembe. Kazi ni ya wanawake, na jiko lililojulikana kuliko yote lilikuwa la mama mkwe wangu, Bibi Somoe. Alipofariki aliniachia mimi. Hakumwachia binti yake wa kumzaa, wifi yangu Mwanaisha, na Mwanaisha hakuwahi kulisahau hilo.

Jambo la pili ni mwiko wetu. Mtoto wa kiume akiingia kumbini kutahiriwa na kufundwa, mama yake hagusi chumvi kwa ulimi hadi siku mtoto atakapotoka. Anakula mboga chapwa, anakunywa mchuzi chapwa, na bado anatakiwa acheke na watu. Siku ya kutoka, akina mama wanakalishwa kwenye mkeka mmoja, na kila mtoto anamlisha mama yake chumvi kidogo kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo sherehe inaanza. Na chumvi hiyo, tangu kabla sijazaliwa, ilitoka kwenye jiko la Bibi Somoe.

Mwaka huo wa 2001 mwanangu Fadhili alikuwa kumbini. Mtoto wa Mwanaisha pia alikuwamo.

Sasa hayo ya mikoko. Watu wa hifadhi ya bahari walikuja, wakaitisha mkutano, wakasema mkoko usikatwe tena. Walieleza vizuri, siwezi kuwasingizia. Samaki wanazaa mle, na bahari inaila pwani. Hata sisi tulikuwa tumeona minazi ya ufukweni inavyong'oka. Kichwa changu kilikubali, moyo ukanuna. Gogo la mkoko lilikuwa linawaka taratibu kutwa nzima bila kukusumbua, unageuka kukwangua udongo wako, ukirudi karai linatokota. Ningepata wapi kuni nyingine za namna hiyo? Tulikuwa tunaambiwa chini ya miguu yetu kuna gesi ya kutosha kuwasha mji mzima wa Mtwara. Ilichimbwa nikiwa msichana, kisha kisima kikafungwa. Mimi gesi hiyo sikuwahi kuiona hata ya kuchemshia chai.

Siku moja, tukichota maji kisimani, Mwanaisha akanianza mbele za watu.

"Wifi, usijisumbue. Tutanunua chumvi ya pakiti. Nyeupe, laini, na picha juu."

Wanawake wakacheka. Labda alikuwa anatania tu, mawifi hutaniana. Lakini siku hizo nilikuwa sijaonja chumvi tangu Fadhili aingie kumbini, na mtu asiyeonja chumvi hasira zake ziko karibu. Nikatua ndoo.

"Mwanangu hatolewi kumbini kwa chumvi ya pakiti," nikasema. "Jiko la Bibi Somoe litawaka. Na siku ya kutoka msipolamba chumvi yake, jiko ni lako, Mwanaisha. Ubebe na karai."

Kicheko kikakatika. Mwanaisha akawageukia wengine, akasema, "Mmesikia wote."

Walisikia wote. Nikarudi nyumbani na kiapo kichwani, kuni sina.

Nilijaribu makuti, yakaniishia. Nilijaribu vifuu, vinawaka vizuri sana, ila kwa karai langu ningehitaji vifuu vya kijiji kizima. Nikamwendea mume wangu, baba Fadhili, nikamwomba mkorosho mmoja, ule wa pembeni uliozeeka.

"Mkorosho unakulisha, Zuhura," akasema bila kuinua macho. "Ukiuchoma, mwakani utakula moshi?"

Nikatoka nje, kwa kuwa alisema kweli, na watu wanaosema kweli kwa upole wananiudhi zaidi.

Ndipo akaja Amelia. Yeye na mumewe Eusebio walikuwa watu wa ng'ambo, waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji wakabaki upande wetu, wakilima mpunga bondeni. Kila kiangazi Amelia alikuja na mchele kubadilishana na chumvi yangu. Hakuwa shoga yangu. Tulisalimiana, tukapimiana, akaondoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye watoto wa kike tu, na kwetu watu walizoea kumwita "yule wa ng'ambo" hata akiwa amesimama hapo hapo.

"Chumvi hakuna mwaka huu," nikamwambia. "Jiko limelala. Mikoko imekatazwa."

Akalitazama jiko, akanitazama na mimi.

"Nkoko umekatazwa, dada. Mabua nani kayakataza?"

"Mabua gani?"

"Ya mpunga. Kwetu yamejaa majarubani. Tukishapura tunayachoma tu, tupate pa kulima."

Nilitaka kumcheka. Mabua! Hata kuku tunamwashia kitu kizito zaidi. Lakini kiapo nilichoapa kilikuwa kinanikaba, nikamwambia ayalete.

Aliyaleta Eusebio kwa baiskeli. Ulichokiona barabarani ni kichuguu cha majani kinachotembea, na miguu ya mtu chini yake. Habari zilimtangulia, kwa hiyo nilipowasha, wanawake walikuwa wamekwisha kusanyika uwandani, Mwanaisha mbele kabisa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesokota ngata mpya kwa yale yale mabua ya Amelia, nikabebea ndoo za maji ya chumvi, na ilikuwa bado kichwani kwangu.

Nikatia mabua, nikawasha. Moto ukapanda mpaka nikaruka nyuma, nikapiga kigelegele. Kabla sijaifunga kanga yangu vizuri, moto ukawa umekwisha. Nikatia tena, ukapanda, ukaisha. Nikatia tita zima. Nikachovya kidole kwenye karai, na maji hayakuwa na hata uvuguvugu.

"Wifi," Mwanaisha akasema, "huo moto ni wa kuchemshia au wa kuwaonyesha watu njia?"

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mimi niliona giza. Nikaivua ngata kichwani, nikaitupa jikoni kwa nguvu zangu zote, nikakaa mchangani na kuwapa watu mgongo. Nilikuwa nalia, sifichi, na nilikuwa nalia kwa hasira.

"Dada," Amelia akasema nyuma yangu. "Geuka utazame."

Sikutaka. Akanigusa bega.

Mabua yote yalikuwa majivu, lakini ngata yangu ilikuwa bado pale katikati, nyekundu, inawaka polepole kuanzia pembeni, imejikunja vile vile kama ilivyokaa kichwani kwangu. Tuliiangalia. Moto wake ulikuwa mdogo na mtulivu, na haukuwa na haraka ya kwenda popote. Nikashika mabua mengine, nikayalowesha kidogo, nikayasokota kwa nguvu, nikayazungusha na kuyafunga ncha, nikaitupa ngata ya pili juu ya ya kwanza. Ikashika. Nikatupa ya tatu.

Niliinuka. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Niambie mwanamke gani wa pwani hii hajui kusokota ngata. Tunaanza tukiwa wadogo, kabla hata hatujaweza kubeba ndoo iliyojaa. Hatufundishwi, mikono yenyewe inajua, unasokota huku unapiga soga. Kitu ambacho tumekifanya maisha yetu yote ili kubebea mizigo ndicho kilichokuwa kuni, na hakuna kitabu kilichotuambia. Nikasema hivyo kwa sauti siku ile, na nasema tena leo. Wale mama wenye watoto kumbini wakakaa chini mmoja mmoja wakaanza kusokota. Mwanaisha hakukaa, ila hakuondoka.

Tulipata chumvi. Ilitoka karai zima, ikiwa na rangi ya kijivujivu kwa mbali, nami nikajisemea ni kutu ya karai, itakwisha. Nilijaza bakuli, nikafunika kwa kawa, nikaenda nayo mwenyewe kwa ngariba mkuu, Mzee Yusufu, nikiwa nimevaa doti mpya. Wanawake wakanifuata. Nilitembea katikati ya njia siku hiyo, baiskeli zikanipisha.

Mzee Yusufu alikuwa mtu wa mizaha, asiyejua kunong'ona. Akafunua bakuli, akatia kidole, akalamba. Uso wake ukajikunja wote. Akatema pembeni, akatema tena, akaomba maji.

"Bi Zuhura! Hii nchumvi au magadi? Unataka niwalainishie kisamvu watoto wa watu?"

Sitaeleza nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba doti mpya niliivua nikaisokomeza chini ya godoro.

Nieleze kosa letu, maana ni kosa ambalo wengine wasingelifanya. Mabua ya mpunga yana majivu mepesi mno. Yanaruka na upepo, yanatua karaini, yanayeyuka, na maji ya majivu ni magadi yenyewe. Mtu yeyote angegundua kwa kulamba tu. Lakini pale jikoni nani angelamba? Sote tuliosokota ngata, tuliokoroga, tuliopakua, tulikuwa mama wa kumbini. Miaka yote aliyeonja chumvi ya kumbi alikuwa Bibi Somoe, ambaye watoto wake walikuwa wakubwa. Hili lilikuwa kumbi la kwanza tangu afe, nasi tukarithi jiko na karai na kusahau kwamba tumezika na ulimi. Tulipika chumvi bila mtu wa kuionja, tukaibeba kwa vigelegele hadi kwa ngariba.

Alikuwapo mmoja tu pale jikoni ambaye angeweza kuonja, na kesho yake alipokuja na mabua mengine nilimrukia.

"Ulikuwa hapa kutwa! Huna mtoto kumbini! Kwa nini hukuionja?"

Amelia akatua mzigo wake pole pole.

"Hukuniambia nionje," akasema. "Jiko la watu siingizi nkono. Nilidhani na mimi nimekatazwa."

Miaka yote ile alikuja kwangu, na sikuwahi hata kumwambia akae. Nikavuta kigoda, nikamwekea.

"Onja basi," nikasema.

Akaonja, akakunja uso kidogo, kwa adabu kuliko ngariba. "Magadi," akasema. "Majivu haya sisi ndiyo tunapikia mboga. Yanataka yazuiwe yasipande."

"Yatazuiwaje? Nimwambie upepo usivume?"

Akasita. Akatazama pembeni, akatazama miguu yake.

"Eusebio ana jiko," akasema.

Hilo jiko la Eusebio lilijulikana kijiji kizima, na kijiji kizima kilijifanya hakilijui. Kila msimu wa mabibo Eusebio alipika nipa, ile pombe kali ya mabibo, na wanamgambo walikuwa hawaoni hata moshi. Mimi ni mtu niliyesoma chuoni hadi kuhitimu Kurani, baba yangu alikuwa anaadhini msikitini, na chumvi yenyewe ilikuwa ya watoto wetu. Niende kujifunza kwa mpika nipa? Nilimwuliza baba Fadhili nikitegemea atanikataza, nipate pa kusingizia.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Unakwenda kutazama shimo, Zuhura. Shimo halilewi."

Nikaenda. Nilimwambia Eusebio mapema, sitaki kusikia linapika nini, nionyeshe linavyowaka tu. Akanionyesha, aibu imemjaa. Lilikuwa handaki fupi ardhini. Chungu kinakaa juu ya tundu na kuzibwa udongo pande zote, moto unalishwa mdomo wa mbele, na moshi unapita chini kwa chini na kutokea mbali, vichakani. Moto na moshi havikutani na kilichomo chunguni hata kidogo. Hilo ndilo lililomfichia moshi wake, na ndilo lililokuwa linanifaa mimi kwa majivu yangu.

Tulilichimba letu uwandani kwa kufuata upepo. Udongo wa kuzibia tuliutoa kwenye kichuguu, kwa kuwa haupasuki motoni. Eusebio alichimba mkia wa kupitishia moshi, wanawake wakakanda udongo, na siku ya pili Mwanaisha akaja na jembe lake begani.

"Mwanangu naye yumo kumbini," akasema kabla sijafungua mdomo. "Usidhani nimekuja kwa ajili yako."

"Karibu, wifi. Kanda hapo."

Tulipowasha, moto ulivutwa ndani kwa sauti, huuu, kama vile kuna mtu upande wa pili anauvuta. Karai tulikuwa tumelikalisha juu na kulipiga udongo ukingoni, hakuna ufa. Majivu yote yakaenda na mkia. Na joto! Ngata chache zilifanya kazi ambayo siku ile ya kwanza tita zima lilishindwa. Maji yakatokota kuanzia katikati hadi pembeni, na sisi tukiwa tumekaa tunasokota, hakuna anayefutafuta macho. Hata kwa mkoko tulikuwa tunatokwa machozi. Niliwaangalia wenzangu nikajisikia mrefu.

Chumvi iliyotoka ilikuwa nyeupe. Nawaambia nyeupe, chembe zinang'aa, hata ile ya pakiti ilikuwa haiifikii. Wanawake wakaanza kuipigia vigelegele. Siku za kutoka kumbini zilikuwa zimekaribia sana, ngoma zilikuwa zimeanza kukaushwa motoni. Nikamchotea Amelia kiganjani.

Akaonja. Akaonja tena.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Magadi hayamo. Ila ina uchungu mwishoni, nyuma ya ulimi. Moto wa jiko hili ni nkali kuliko nliozoea. Mmeikausha mpaka mwisho, na ule uchungu wa maji ya bahari umebaki humo."

Mwanaisha akaruka. "Huyu anatutania! Itazameni hiyo chumvi! Muda umekwisha, wifi, pakia tupeleke. Mzee Yusufu ataipokea."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na chumvi nyeupe kuliko zote nilizopata kuona maishani, na macho yangu yenyewe yalinithibitishia. Upande wa pili nilikuwa na neno la mwanamke mmoja wa ng'ambo, kuhusu ladha ambayo mimi sikuwa na ruhusa ya kuihakiki. Jiko langu, kiapo changu, mtoto wangu, vyote vilikuwa juu ya ulimi wa mtu mwingine. Mimi nisiyemwamini mtu hata kunipimia chumvi ya kibaba. Nilimtazama Amelia machoni nikitafuta wasiwasi. Hakuwa nao. Aliniangalia tu, kiganja chake bado kimefunguliwa.

Ningeweza kuonja. Nani angejua? Nilifikiria hivyo, nakiri, kisha nikamfikiria Fadhili amelala kumbini, na kidonda chake, na imani yake kwamba mama yake amefunga pamoja naye.

"Ipelekwe kwa wakaushaji wa samaki," nikasema. "Tunaanza upya."

"Zuhura!"

"Nimesema tunaanza upya, Mwanaisha! Kama umechoka, nenda. Kama hujachoka, chukua mabua usokote."

Alikaa. Akasokota kwa hasira, na ngata zake zilikuwa ngumu kuliko za wote.

Safari hii Amelia alisimama karibu na karai, mimi mdomoni mwa jiko. Alipoinua mkono nilipunguza ngata, alipoushusha nikaongeza. Chembe zilipoanza kushikana, maji yakiwa bado yapo kidogo chini, akasema sasa, tukapakua zikiwa mbichi, tukazitundika kwenye vikapu zichuruzike juani. Yale maji ya mwisho, machungu, tuliyaacha yadondoke mchangani. Jioni akaonja. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, akaenda zake bondeni kabla jua halijazama. Hakusema "nzuri sana", hakusema "hongera". Nikabaki na vikapu vyangu na lile tikiso la kichwa, na usingizi ukanipitia mbali.

Siku ya kutoka ilikuwa Jumamosi. Tulioga, tukavaa sare, tukakalishwa kwenye mkeka mrefu katikati ya uwanja, watu wametuzunguka kutoka hadi vijiji vya jirani. Bakuli la chumvi liliwekwa mbele yetu. Mzee Yusufu akalichungulia, akanitazama, akataka kuuliza swali, akaliacha. Alichotakiwa kufanya sasa ni kusubiri kama wengine.

Watoto wakaja kwa msururu, vichwa vimenyolewa, kanzu mpya, wamefundishwa wasicheke. Sikumtambua Fadhili mara moja. Alikuwa amerefuka, au ni mimi niliyekuwa nimemsahau alivyo mrefu. Alipopiga magoti mbele yangu nilitaka kumvuta nimkumbatie, lakini mila hairuhusu. Akachota chumvi kwa vidole, akasubiri.

Mwanaisha kando yangu alikuwa ananitazama mimi, hakuwa anamtazama mwanawe. Kila mtu alikuwa anaujua ule ubishi wa kisimani, kila mtu alitaka kuuona uso wangu. Nikafungua mdomo.

Ilikuwa chumvi. Sina neno jingine. Ilikuwa kali mwanzoni, kisha tamu, ikashuka kooni bila kuacha kitu nyuma, hata tone la majivu, hata tone la uchungu. Ulimi wangu, uliolala tangu kumbi lianze, uliamka wote kwa mara moja, na machozi yakanitoka mbele ya kadamnasi. Nililia kwa fahari. Jiko lilikuwa langu, na hakuna gogo la mkoko lililokatwa.

"Mama, ni kali?" Fadhili akaninong'oneza kwa hofu, akisahau kwamba hatakiwi kuzungumza.

"Ni nzuri," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Ni nzuri mno!"

Vigelegele vikapasua uwanja. Mwanaisha akalishwa na mwanawe, akafumba macho, akameza. Kisha akageuka, akaanza kuupekua umati kwa macho, na nikajua anamtafuta nani kwa kuwa na mimi nilikuwa namtafuta huyo huyo.

Amelia alikuwa nyuma kabisa, nje ya duara, amesimama na Eusebio karibu na baiskeli yao.

"We Amelia!" nikaita. "Unasimama huko kwani wewe mgeni wa nani? Njoo ukae!"

Alitikisa kichwa. Mkeka ule ni wa mama wa kumbini peke yao, alijua, na watu wote walijua. Minong'ono ikaanza. Mzee Yusufu akafungua mdomo aseme kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga bila kukisema. Aliyesogea kwanza alikuwa Mwanaisha. Alivuta makalio yake pembeni, akapiga mkeka kwa kiganja, pale katikati yetu.

"Hujasikia wifi anavyokuita?" akasema. "Usitucheleweshee chakula."

Watu wakampisha. Alikuja taratibu, akavua ndala zake pembeni ya mkeka, akakaa, magoti yake yakigusana na yangu, macho chini.

Fadhili aliniangalia. Yeye alikuwa ametoka tu kumbini, hakujua lolote kuhusu mabua wala ngata wala ulimi wa nani ulionja nini. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba mama anayeketi kwenye mkeka ule analishwa. Akasogea kwa magoti, akachota chumvi kwa vidole vyake.

"Mama," akamwambia Amelia, "fungua mdomo."